Waraka wa wazi kwa Ofisi ya Hakimiliki: Wachoraji wamehamia mtandaoni, wafuateni huko

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA),

Ndugu Mkuu wa Ofisi,

Tumeona tukuandikie mbele ya wasomaji wetu kwa kuwa jambo tunalolileta si la watu wachache. Linawahusu wachoraji wa nchi hii: wa vibonzo, wa majalada ya vitabu, wa nembo, wa hadithi za picha, na vijana wanaochora kwa ncha ya kidole kwenye kioo cha simu huku wakisubiri daladala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, imeikabidhi ofisi yako ulinzi wa kazi zao. Nao kazi hizo wamezihamishia Instagram, Facebook, TikTok na WhatsApp. Ombi letu kubwa ni moja na mengine yote yanatokana nalo: ofisi iwafuate huko.

Kwa miaka mingi mchoraji wa Tanzania alikuwa na mlango mmoja tu wa kumfikia msomaji, nao ni mlango wa mhariri. Mhusika wa vibonzo Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, alijulikana nchi nzima kwa sababu gazeti la Uhuru lilimpa nafasi. Wahusika Ndumilakuwili na Lodi Lofa walizoeleka majumbani kwa sababu jarida la Sani lilinunuliwa na kuazimwa hadi karatasi zikachakaa. Gazeti likifungwa, au mhariri akibadilishwa, mhusika aliyependwa na maelfu alipotea. Sisi wenyewe ni gazeti na tunajua nguvu hiyo ilivyokuwa kubwa mikononi mwa watu wachache. Leo mambo ni mengine. Godfrey Mwampembwa, mchora vibonzo mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye wengi tunamjua kwa jina la Gado, alipoachana na kampuni ya Nation ya Kenya mwaka 2016 baada ya zaidi ya miaka 20, wasomaji wake hawakupotezana naye. Walikuwa wanamfuata mtandaoni tayari.

Na si lazima uwe Gado. Binti wa Songea au Kigoma, ambaye hana mtu anayemjua katika gazeti lolote, anaweza leo kujipatia wateja. Anachora, anarekodi mkono wake ukichora, anaiharakisha video hiyo mpaka inakuwa ya nusu dakika, anaiweka. Anayeipenda anamwandikia inboksi: nichoree wazazi wangu, harusi yao ilikosa picha nzuri. Wanakubaliana bei, fedha inaingia kwa simu, na picha inapanda basi la usiku ikiwa imeviringishwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Bei zake amezipanga kwenye katalogi ya WhatsApp Business, mteja anazisoma kabla hata ya kuuliza. Huo ni uchumi halisi, Ndugu Mkuu wa Ofisi, na umejengwa na vijana wenyewe bila semina ya mtu yeyote. Kinachokosekana ndani yake ni mkono wa sheria.

Tukueleze wizi unavyofanyika, kwa sababu ukiutazama kwa karibu utaona ni wapi ofisi yako inaweza kuingia. Kijana anaweka picha usiku: mama wa sokoni, kikapu cha ndizi kichwani, khanga mbili, mvua inaanza kunyesha. Ametia sahihi yake pembeni chini, upande wa kulia, kama alivyoona wakubwa wakifanya. Kufikia asubuhi ukurasa wenye wafuasi wengi umeipiga picha ya skrini, umekata ile pembe ya chini, na umeiweka upya ikiwa na jina la ukurasa huo. Watu wanaipenda, wanaisambaza, wanaituma kwenye magrupu ya familia. Baada ya wiki mama yule yuko kwenye fulana, kisha kwenye bango la mgahawa. Aliyemchora akiandika chini ya picha kwamba kazi ni yake, anajibiwa afurahi tu kwamba imemfikisha mbali. Imemfikishaje mbali na jina lake halimo?

Wachoraji wazoefu wana mbinu zao, na tungependa kila anayeanza azijue. Sahihi haiwekwi pembeni. Inafumwa ndani ya picha, kwenye pindo la khanga, kwenye kibao cha namba cha daladala, kwenye gunia la mkaa, mahali ambapo mwizi hawezi kupakata bila kuharibu picha yenyewe. Faili kubwa halipandishwi mtandaoni hata siku moja. Instagram kwa kawaida imekuwa ikiipunguza picha hadi upana wa pikseli 1080, na kwa kipimo cha uchapaji bora cha pikseli 300 kwa inchi, picha hiyo inatosha upana wa sentimita 9 tu. Fulana yenye picha ya sentimita 30 inahitaji pikseli zaidi ya 3,500. Kwa hiyo aliyebaki na faili kubwa, lenye tabaka zote za rangi na michoro ya awali ya penseli, anayo hoja ya kusimama nayo mbele ya yeyote. Tena picha ikipandishwa, mitandao mingi hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, yaani jina la mwenye kazi na tarehe aliyoitengeneza. Anayetegemea taarifa hizo peke yake hana kitu.

Haya yote mchoraji mchanga anayaokota vipandevipande, mara nyingi baada ya kuumia. Ombi la kwanza ni kwamba ofisi yako iyaandike. Mwongozo mfupi kwa Kiswahili, wa kurasa chache, unaosomeka kwenye simu na unaoweza kutumwa WhatsApp: nini cha kuweka mtandaoni na nini cha kubaki nacho, sahihi ikae wapi, ushahidi utunzwe vipi, ukiibiwa uanzie wapi. Uandikeni pamoja na wachoraji wenyewe. Je, kazi hiyo inaweza kuanza mwaka huu?

La pili ni usajili. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na chini ya mkataba huo hakimiliki inazaliwa pale kazi inapotengenezwa, bila kungoja cheti. Wachoraji wengi hawalijui hili. Wanadhani picha isiyosajiliwa ni mali ya umma. Tungeomba mlitangaze kwa sauti kubwa. Lakini tunajua pia kwamba siku ya ugomvi, cheti chenye tarehe kina uzito wake. Mwanamuziki anatoa labda nyimbo kumi kwa mwaka. Mchoraji wa vibonzo anatoa kazi kila siku. Kusajili moja moja, kwa fomu na malipo ya kila kazi, hakuwezi kumfaa hata akiwa na nia njema. Je, ofisi inaweza kumruhusu asajili mkusanyo wa picha za mwezi mzima kama kazi moja, kwa ada moja anayoimudu, akiwa nyumbani kwake na simu yake mkononi? Kama njia hiyo ipo tayari, basi itangazwe, maana habari haijawafikia walio wengi.

La tatu tunalipa uzito zaidi, kwa sababu linaweza kuleta nafuu ya haraka kuliko kesi yoyote mahakamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki ya kidijitali inaitaka mitandao iondoe kazi iliyoibwa inapopewa taarifa sahihi, la sivyo nayo inaweza kuwajibishwa. Kwa kuwa kampuni kubwa za mitandao hii ziko Marekani au zinafanya biashara huko, kila moja ina fomu ya malalamiko, na mchoraji wa Mbeya anaweza kuijaza sawasawa na wa London. Fomu inataka kiungo cha kazi halisi, kiungo cha nakala iliyoibwa, tamko kwamba anayelalamika ndiye mwenye haki, na sahihi. Si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba imeandikwa kwa lugha ya wanasheria, inataka jina na anwani halisi ambazo aliyelalamikiwa anaweza kuziona, na aliyelalamikiwa ana nafasi ya kupinga. Tena wapo wezi wanaomtangulia mwenye kazi: wanalalamika wao kwanza, na akaunti ya mchoraji ndiyo inayofungwa. Hapo mchoraji anabaki peke yake, anaandikiana na mashine usiku kucha.

Tunaomba ofisi yako iwe na dawati la kazi hiyo tu. Ofisa mmoja au wawili wanaojua fomu hizi, wanaoweza kumsaidia mchoraji kuijaza na kumpa barua ya ofisi kuthibitisha kwamba kazi ni yake. Tunaomba pia mtafute njia ya kuwasiliana na kampuni hizo moja kwa moja, ofisi kwa ofisi, kwa mashauri makubwa. Akaunti ya mchoraji iliyofungwa kwa uonevu ni duka lililofungwa, na kila siku inayopita wateja wanakwenda kwingine. Tungependa kujua kama dawati la namna hiyo limewahi kufikiriwa.

Kuhusu kazi za kuagizwa tutasema kwa kifupi. Makubaliano mengi yanafanyika inboksi, kwa maneno mawili na emoji ya mikono iliyounganishwa. Mteja anaagiza kibonzo kimoja cha kuweka kwenye ukurasa wake, kisha anakichapa kwenye vifungashio vya bidhaa zake miaka mitatu bila kuongeza hata shilingi. Toeni mkataba wa mfano wa nusu ukurasa, wa Kiswahili cha kawaida, unaoweza kunakiliwa na kubandikwa ndani ya mazungumzo ya WhatsApp: kazi ni ipi, itatumika wapi na kwa muda gani, marekebisho ni mara ngapi, malipo ya awali ni kiasi gani, na nani anabaki na haki. Wengi watautumia siku hiyohiyo utakapotoka.

Kuna jambo ambalo ofisi yako inaweza kulifafanua kwa mamlaka, nalo ni mpaka kati ya mtindo na picha. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaja kuchora Oysterbay kwa rangi za kung'aa juu ya mbao nyembamba, alifariki mwaka 1972. Sheria yetu inalinda kazi ya msanii kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo ulinzi wa picha zake mwenyewe ulifikia ukomo mwaka 2022. Lakini wanaochora kwa mtindo wake hadi leo, wengi wao wakiwa hai, kila picha yao ni yao. Mchoraji George Lilanga alifariki mwaka 2005. Kazi zake zinalindwa hadi mwaka 2055. Anayeokota picha ya mchoraji wa leo mtandaoni na kusema "hii ni Tingatinga, ni ya Watanzania wote" anachanganya mtindo, ambao hauna mwenyewe, na picha, ambayo ina mwenyewe. Watalii wanasema hivyo, wafanyabiashara wanasema hivyo, na tumewasikia hata watu wenye elimu yao wakisema hivyo. Tamko moja la wazi kutoka kwako lingewaokoa wengi, na lingewafundisha wachoraji nao kwamba kuiga mtindo wa mwenzako si kosa, ila kumwekea karatasi juu na kufuata mistari yake ni wizi.

Sasa tuje kwenye fedha. Januari 2022 ofisi yako iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wa muziki, kutokana na nyimbo zilizochezwa redioni na kwenye televisheni. Tuliandika habari hiyo kwa furaha. Tangu hapo sheria imebadilishwa ili ukusanyaji wa mirabaha ufanywe na kampuni za wasanii wenyewe, na serikali imeanzisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili kazi za ubunifu. Mchoraji anatazama yote hayo akiwa nje ya uzio. Wimbo ukichezwa kuna daftari la kuandika. Picha ikitumika kwenye kipindi cha televisheni, kwenye tangazo, kwenye ukurasa wa kampuni yenye wafuasi laki kadhaa, nani anaandika? Tunaomba utueleze mambo mawili bila kuzunguka: ni chombo kipi kinachosimamia mirabaha ya wachoraji, na katika fedha za tozo hiyo mchoraji anahesabiwa kwa kanuni gani. Naye picha zake zinanakiliwa kwa urahisi mno, kwa kuwa kunakili picha kunahitaji kidole kimoja na sekunde moja.

Tunajua lifuatalo si lako peke yako. Mchoraji anayetaka kuzitia uhai katuni zake na kuziweka YouTube anajiuliza kama amekuwa televisheni ya mtandaoni kwa mujibu wa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, kama anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kama Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) nalo linamdai usajili, na kama akishamaliza huko ndipo aje kwako. Wengine wanaacha kwa hofu tu, na kuna hadithi nzuri za watoto zilizobaki kwenye daftari kwa sababu hiyo. Je, ofisi hizi tatu zinaweza kukaa pamoja na kutoa ukurasa mmoja unaomwambia mchoraji binafsi anadaiwa nini na hadaiwi nini?

Na mtandao wa X ulipozimwa nchini Mei 2025, waliokuwa wamejenga wateja wao huko, hasa wachora vibonzo vya siasa na wale wenye wateja wa nje, waliwapoteza kwa usiku mmoja. Ushauri wetu kwa wachoraji ni kutoweka kazi zote mtandao mmoja, na kutunza namba na barua pepe za wateja wao mahali pao wenyewe. Kwako ombi ni tofauti: serikali inapojadili kuufunga mtandao, awepo mtu mezani wa kueleza kwamba humo kuna watu wanaotafuta riziki. Ofisi yako ina sababu zote za kuwa mtu huyo. Je, iliwahi kuulizwa?

Tumelibakiza jambo ambalo linatukosesha usingizi. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilisema wazi kwamba picha zilizowekwa hadharani Facebook na Instagram zinatumika kufundishia programu zake za akili unde. Wachoraji wa Ulaya walipewa nafasi ya kukataa kwa sababu sheria zao za taarifa binafsi zinawapa haki hiyo. Kwingineko wachoraji waliamua kuhama: Juni 2024 mtandao mdogo uitwao Cara, ulioanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang na unaokataa picha za akili unde, uliruka kutoka watumiaji wapatao 40,000 hadi zaidi ya 600,000 kwa muda wa wiki moja hivi. Chuo Kikuu cha Chicago nacho kimetoa bure programu iitwayo Glaze, inayoibadilisha picha kidogo sana, jicho lisione, ili mashine ishindwe kuuiga mtindo wa mchoraji.

Hizo ni njia za kujikinga, na mchoraji wetu anapaswa kuzijua. Lakini kumwachia kijana wa Tandika apambane peke yake na kampuni kama Meta si haki. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Tunayo sheria yako ya mwaka 1999, iliyoandikwa kabla Instagram haijazaliwa. Tunaomba utueleze msimamo wa ofisi: je, picha ya Mtanzania inaweza kuchukuliwa kufundishia mashine bila ruhusa yake? Kama sheria iko kimya, mapendekezo ya kuirekebisha yatapelekwa lini, na wachoraji watasikilizwa wapi?

Hatusemi kwamba mchoraji hana wajibu. Anao, na wa kwanza ni kuiheshimu kazi ya mwenzake. Kurasa nyingi za wachoraji wenyewe zimejaa picha zisizo na majina ya waliozichora, na hilo tunawaambia hapahapa bila kuwaonea haya. Lakini wajibu wa raia unakamilika pale ofisi iliyopewa jukumu nayo inapofanya sehemu yake.

Ndugu Mkuu wa Ofisi, tunaomba jibu la maandishi kwa maswali haya, hata kama mengine jibu lake litakuwa kwamba bado mnalifanyia kazi. Ukurasa huu tumeutenga kwa ajili yako. Jibu lako tutalichapa lote, bila kulipunguza, na tutaliweka pia kwenye kurasa zetu za mitandao, ambako wachoraji wenyewe watalisoma na kukuuliza wanayotaka kukuuliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhariri